Buti Zisizoshonwa

Mama mdogo wangu ni fundi viatu, na ni fundi kwelikweli, si wale wa kupaka gundi kisha wakakuombea dua. Karakana yake ni chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, meza iliyochanjwachanjwa na visu, na rafu mbili ukutani. Rafu ya juu ni ya viatu vilivyokamilika. Ya chini ni ya vile vilivyopakwa gundi tu, vinasubiri uzi. Haandiki jina la mteja popote. Ukimshauri aandike, anakwambia daftari ni la watu wenye kichwa kibovu, halafu anainamia kiatu chake. Mama yake, yaani bibi yangu, alianza kusahau akiwa na miaka hamsini na minane, na alikufa hawajui wanawe. Mama mdogo mwaka huu ametimiza miaka hiyo hiyo.

Mama yangu ndiye dada yake. Mji mzima unamwita Sista, maana ameuguza watu hospitalini miaka thelathini na tano. Ana usafi wa kukera. Ukimkaribisha chai, kwanza anafuta kikombe chako, tena mbele yako. Alipostaafu aliapa kwamba lazima apande ule mlima mrefu usiku kucha aone jua likichomoza, na mwaka huu akajiunga na wastaafu wenzake. Buti zake zilikuwa zimeachama soli, akampelekea mdogo wake. Ijumaa jioni alikwenda kuzichukua, akakaa karakana karibu saa nzima akingoja fundi amalizane na mteja mlangoni. Jumamosi alfajiri kundi likaondoka.

Saa nane mchana wa Jumamosi hiyo, simu yangu ikalia.

"Uko wapi, mwanangu?" Alikuwa mama mdogo, lakini sauti haikuwa yake.

"Nyumbani. Nimejilaza."

"Inuka. Nimempa mama yako buti za watu."

Nilimkuta amesimama katikati ya karakana, buti za kahawia mkononi. Ndizo za mama, zimeshonwa barabara, amezikuta rafu ya chini. Mpima ardhi mmoja alikuwa ameleta za aina hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo, namba arobaini na moja hiyo hiyo, maana mama yangu, Mungu amhifadhi, ana miguu ya askari. Za mpima ardhi zilikuwa na gundi tu, zishonwe Jumatatu. Uzi wa mama mdogo huzama ndani ya soli, ukitazama kwa haraka huuoni. Na gundi peke yake inakufikisha sokoni, lakini kwenye baridi kali inakauka kama biskuti. Soli ikibanduka kule juu penye barafu, mtu anaporomoka nayo.

"Nilizitoa rafu ya juu," akasema. "Naapa, rafu ya juu. Au sikumbuki?" Akanitazama machoni. "Imeanza, mwanangu. Kama mama."

Sisi wawili hutaniana mpaka watu wanadhani tunagombana. Siku hiyo sikutania. Tulimpigia mama simu mara kumi, wapi, mlimani hakuna mtandao.

Tulifika lango la mlima saa kumi na moja jioni. Msimamizi akasema hakuna kupanda bila kiongozi, tena saa zile, tena na viatu vile nilivyovaa mimi. Mama mdogo hakubishana. Aliweka buti mezani, akainua kitambaa cha ndani, akamwonyesha uzi, akamweleza nani yuko juu na amevaa nini. Msimamizi akamwita kiongozi, mwanamke mwembamba asiyetaka maneno mengi, tukaondoka.

Kazi yangu mimi ni ya kukaa kwenye kiti, na tumbo langu ni shahidi. Saa mbili za kwanza nilijikaza kisabuni. Baada ya hapo niliona cha mtema kuni. Mama mdogo alikuwa mbele, buti zimening'inia shingoni kwa kamba zake, akizungumza peke yake: "Nikaingia. Nikanyoosha mkono. Juu. Nikachukua." Kisha anaanza upya. Kiongozi akamwambia atunze pumzi. Akanyamaza hatua kumi, akaanza tena.

Kibandani, mahali wapandaji wanapopumzika, tulifika saa sita kasoro. Kundi lilikuwa limeondoka nusu saa kabla. Nilikaa chini nikatapika. Nilipoinua kichwa, mama mdogo alikuwa ameshaondoka na kiongozi, nikawafuata. Sikuwa na habari na jua wala na kilele. Niliomba tu tusikute watu wamekusanyika njiani.

Hatukukuta. Saa kumi na mbili kasorobo tulitokea juu, na pale kwenye jiwe alikuwa ameketi mama yangu, mzima, blanketi mabegani, na buti zote mbili zimefungwa bendeji nyeupe kama wagonjwa wake wa zamani.

"We! Umefuata nini huku?" mama akauliza.

"Buti zako, dada. Vua."

Alipiga magoti, akakata bendeji. Ya kulia ilikuwa imeshika. Ya kushoto ilikuwa imeachia upana wa vidole viwili. Akamvalisha zake, akafunga kamba.

"Nisamehe, dada. Kichwa changu..."

"Kichwa chako kina nini?"

"Nakumbuka nilizitoa rafu ya juu. Lakini haiwezekani."

Mama yangu akatazama kamba za buti zake.

"Ulizitoa rafu ya juu," akasema. "Mimi ndiye niliyeziweka. Ijumaa, ulipokuwa mlangoni. Rafu zako zina vumbi, mdogo wangu. Nikashusha buti zote, nikafuta, nikarudisha."

"Ukarudisha vipi?"

"Vizuri. Nilipanga kwa rangi, zinazong'aa juu, zilizopauka chini."

"Kwa rangi!"

"Kibandani nilizivua nizipanguse, sikuona uzi ndani. Nikajua nilichofanya. Nikaona aibu, nikafunga bendeji, nikapanda."

Nilijiandaa kuamua ugomvi. Badala yake mama mdogo alikaa chini kwenye mawe na kuanza kucheka, kisha kulia, vyote pamoja, mdomo wazi.

"Kwa hiyo sijasahau."

"Hujasahau kitu," mama akasema. Ndipo akaelewa. "Ulidhani ni kama mama?" Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakilaza kifuani. "Mimi pia huwa nadhani," akamwambia. "Kila nikipoteza funguo." Nyuma yao wastaafu walikuwa wakishangilia jua na kupigana picha. Wao wawili walilipa jua mgongo.

Wakati wa kushuka mama mdogo alitembea na mimi, mwepesi kuliko kiongozi.

"Rafu ya chini, kuanzia dirishani," akasema. "Viatu vya mwalimu wa hesabu, kisigino cha kushoto. Sandali za jirani, mkanda umekatika. Vya yule dereva mrefu, soli zote mbili. Vya bibi harusi, vyeupe, kutanua kidogo."

Magoti yalikuwa yanawaka moto na usingizi umenishika. Kwa kawaida akianza habari za viatu huwa namkatisha.

"Na ya juu je?" nikamuuliza.