Balbina wa Namawala na Jina Lililoogopwa

Jua ndiyo kwanza linachungulia mabonde ya Namawala, na ndege aina ya kwelea wanashuka kwenye mpunga ulioiva, wengi hadi anga linatia giza. Mama mmoja anasimama juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, anajaza kifua hewa, anaita. Sauti inavuka mashamba matatu. Kundi zima linanyanyuka. Jamani, mimi mwandishi nilisahau hata kuandika.

Huyo ni Balbina, mwenye miaka hamsini na minane. Kazi yake ni kuamia ndege, kuwafukuza wasile mazao, na wenye mashamba humlipa mpunga baada ya mavuno. Msimu huu wa 1996 anaamia mashamba manne.

Aliposhuka nikampa shikamoo. Midomo ikacheza, neno likakwama, nami nikammalizia haraka. Mama huyu ana kigugumizi tangu utotoni, lakini akiita kufukuza ndege kinamwacha kabisa. Kwa nini, hata yeye hajui.

Jina alipewa na padri, kwa kuwa alizaliwa tarehe 31 Machi, siku ya Mtakatifu Balbina. Miaka mingi baadaye katekista Anselim akaeleza asili yake: ni la Kilatini, kutokana na neno lenye maana ya mtu mwenye kigugumizi. Kijiji kikapata jibu lake. Kumbe jina ndilo lililomfunga ulimi!

Sasa maneno hayo yamemfikia mjukuu. Mwanawe Teofili amepata binti, akataka abatizwe jina la bibi yake. Mama mkwe wake, Scolastica wa Mlabani, akakataa katakata. Hakutaka mtoto achekwe kama Balbina, aliyechekwa mpaka akaacha shule darasa la pili.

"Ni-nililia," anasema Balbina. "Hata mimi niliogopa jina hilo."

Wiki iliyopita Scolastica alikuja na baiskeli hadi shambani, ubishi uishe kabla ya ubatizo wa Jumapili. Akamkuta mkwe mwenzake juu ya dungu, anaita. Walikuwa wamezoea kuonana misibani tu. Hakuwahi kumsikia hivi. Akasimama kwenye jaruba, matope vifundoni, mpaka ndege wakaisha.

"Kama jina ndilo linaloleta na hiyo sauti," akamwambia, "basi mpeni mtoto."

Jumapili mtoto amebatizwa Balbina. Namuuliza bibi yake anamtakia nini. Anaanza, anakwama, anaanza tena. Safari hii nimejifunza kutulia.

"Akiwa na kigugumizi," anasema, "nitamsubiri amalize. Mimi hawakunisubiri."