Bibi wa Chaji

Sanduku lile alilitengeneza Mboni binti Shomari, na Mtaa wa Narung'ombe mzima unalijua hilo. Begi lenyewe alilipata Mchikichini kwenye mitumba, la plastiki ngumu, bado limebandikwa karatasi za safari za watu wengine. Ndani akapachika mkono wa vyuma vya mwavuli wa kushikilia simu, taa ndogo, na betri alizozinyofoa kwenye kompyuta zilizokufa. Pembeni akashona vifuko vya mkasi, chaki na vitambaa vilivyokwisha kukatwa. Ukilifunga, unalibeba kwa mkono mmoja. Ukilifungua, ni darasa.

Wazo lilianzia kwa jirani yake wa chumba cha pili, Euphrasia, au Mama Poli kwa jina la mwanawe, fundi cherehani, mwenyeji wa Nachingwea. Mwanamke huyu alikuwa akimfundisha kwa simu mdogo wake aliyebaki kwao kushona, nyumba nzima haipumziki: "Siyo hivyo! Pinda huku! Huku, nimesema!" Mpaka siku moja Mboni akatoka na ufagio mkononi.

"Mama Poli, mkono hausikiki kwa sikio. Muonyeshe."

Ufundi Mboni kaurithi kwa baba yake, Mzee Shomari, aliyekuwa akitengeneza redio Mtaa wa Sikukuu enzi zile za foleni za sukari kwenye maduka ya kaya. Redio ikipona, watu walimsifu mtangazaji. Sauti yake tamu, oh, anavyojua kusema. Mzee Shomari kainama pale pale na moshi wa risasi ya kulehemu unamwingia puani, hakuna hata wa kumpa pole. Mboni alikuwa mtoto, lakini jambo lile halikumtoka.

Akatengeneza masanduku mengine, yakapakiwa kwenye mabasi: la Nachingwea, la Newala, la Lindi. Yote yana vitambaa vya aina moja, ili kina mama washone kitu kimoja kwa pamoja, kila mmoja akiona mikono ya wenzake kwenye simu, huyu akimsahihisha yule. Mkono wa simu wa Euphrasia, Mboni aliuweka nyuma ya bega lake, makusudi. Mwanafunzi aone kama mikono ile ni yake mwenyewe. Euphrasia akisema "huku", basi huku kwake ndiyo huku kwao.

Likafanya kazi. Na hapo ndipo donge lilipoanza.

"Shikamoo mwalimu!" kila Jumamosi. "Mwalimu Euphrasia, Mungu akuzidishie." Kule Lindi wakaliita Sanduku la Mwalimu Euphrasia. Na Mboni? Sauti yake walikuwa wakiisikia pale tu anapoonya kwamba chaji inaisha. Wakambatiza Bibi wa Chaji.

"Wanakutania tu, dada Mboni," Euphrasia alisema.

"Mbona wewe hawakutanii?"

"Mimi wananiogopa."

"Wanakuogopa ndani ya sanduku la nani?"

Euphrasia akacheka. Mboni hakucheka. Kijicho kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akimeza haushuki, akikohoa hautoki. Akaanza kuona mambo ambayo zamani hakuyaona. Jinsi mwenzake anavyolegeza shingo akiitwa mwalimu. Jinsi anavyosema "sanduku letu". Letu! Tangu lini?

Jumamosi moja akaamka mapema, akapaka wanja, akavaa dera jipya la zambarau. Kisha akauchomoa mkono wa simu nyuma ya bega la Euphrasia, akauhamishia mbele, usoni. Kiti chake akakisogeza ubavuni mwa mwalimu.

"Kulikoni?" Euphrasia akauliza.

"Huku mwanga mzuri."

Simu ikafunguka. "Heee! Bibi wa Chaji ndiye huyo? Shikamoo bibi! Kumbe mrembo!"

"Marahaba," Mboni akajibu, na dera likameremeta.

Somo la siku hiyo lilikuwa mfuko wa shati la sare ya shule. Euphrasia akalipachika shati kifuani, akagusa upande wa moyo. "Mfuko unakaa huku. Pigeni chaki, huku hapa." Kina mama wakamtazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo, wakapiga chaki, wakashona. Mwisho wakayanyanyua mashati yao. Kila shati lilikuwa na mfuko upande wa kulia.

Hapo Nachingwea wakalipuka. "Mwalimu, mbona umetukosesha? Jumatatu tunayapeleka kwa mwalimu mkuu, atatuona wehu!"

Euphrasia akageuza shati lake, akatazama, asielewe. "Mimi nimesema huku..."

Mboni alielewa papo hapo, ila akafunga mdomo. Acha wamseme. Wivu wake ulikuwa unakula asali.

"Bora angefundisha Bibi wa Chaji," Hajira wa Lindi akasema, na asali ikazidi.

Ndipo mwanamke wa Newala akadakia, "Jamani, msimwonee mwalimu. Sanduku lenyewe litakuwa bovu. Limeungwaungwa vyuma vya mwavuli, mnategemea nini?"

Asali ikageuka shubiri. Mboni akainuka, kiti kikaanguka.

"Nani kasema bovu? Sanduku langu si bovu! Lilikuwa linawaonyesha sawasawa mpaka mimi nilipouhamisha huu mkono. Mkimtazama uso kwa uso, huku kwake kumekuwa kule kwenu. Kosa langu mie, sanduku mliache!"

"Uliuhamisha kwa nini, bibi?"

Mboni akavuta pumzi. "Ili mnione."

Wa kwanza kucheka alikuwa Euphrasia, akacheka mpaka machozi, na Lindi na Newala wakafuatia. Mboni mwenyewe alibaki kanuna. Aliurudisha mkono nyuma ya bega, akaukaza kwa nati ili asiuhamishe mtu tena, hata yeye. Mifuko ikafumuliwa, ikashonwa upya mchana uleule.

Msidhani wivu ulimwisha. Jumamosi iliyofuata alikuja na hina mbichi mpaka kwenye kucha, akaketi nyuma ya bega la mwenzake, akaipitisha tochi juu ya kitambaa ili mshono uonekane. Mkono wake ukajaa kwenye kila simu.

"Mkono wa nani huo wenye hina?" Lindi wakauliza.

Euphrasia hakuinua macho. "Wa mwenye sanduku. Msalimieni kwanza."

"Shikamoo mwenye sanduku!"

"Marahaba," Mboni akasema. "Na chaji ipo ya kutosha. Shoneni."