Nilikariri milio ya ndege, nikasahau kupiga hodi

Wakuu, salaam alaikum. Hili limenitokea mwenyewe hapa Kismayu na sitalitia chumvi. Pwani hii chumvi tunayo ya kutosha.

Mimi ni kijana wa kisiwa cha Chovae, siku hizi naishi mjini. Ndege nimejifunza mwenyewe kwa simu na darubini kuukuu ya mjomba. Sijasomea popote, ndiyo maana nina presha. Nikikosea jina la ndege mbele ya watu, silali.

Miezi hii ndege wa mbali wanapita kwetu wakikimbia baridi ya kwao. Wanapenda bustani za nje ya mji, ambazo kina mama wanazilima kwa pamoja. Bamia, kunde, mipapai.

Nikawaalika vijana wenzangu tukawatazame. Mara yangu ya kwanza kuongoza watu. Nikajiambia, leo nikiharibu, hakuna atakayerudi.

Wiki nzima nikasikiliza milio ya ndege kwenye simu, mpaka mama akaniuliza kama nataka kutaga.

Asubuhi tukafika kwenye ua wa miiba. Ng'ambo yake, juu ya mti mkavu, keremkerem! Wale wala nyuki, koo la njano, kundi zima. Nikainua darubini.

"Waryaa! We mchu wa darubini!"

Alikuwa Bi Somoe, mkubwa wa wale kina mama. Mchu kwetu ni mtu.

Wakuu, nyuma ya ule ua wanalima wanawake peke yao, na mitandio walikuwa wameitundika mitini. Mimi nimewainulia darubini, na vijana wa kiume wamejipanga nyuma yangu.

"Naangalia ndege, mama!"

"Ndege yupi? Mwenye mtandio au asiye nao?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Kwenu mnaingia hivyo? Macho kwanza, hodi baadaye?"

Rafiki yangu Hashim akanong'ona, "Twende zetu." Miguu yangu ilishakubali. Lakini tungeondoka vile, tusingerudi tena pale.

Nikaweka darubini mchangani, nikaupa ua mgongo. Wenzangu nao wakageuka. Nikasema, "Hodi, mama zetu. Nimewakosea. Tuwieni radhi."

Nikasikia keremkerem wakiruka, wakilia, wakienda zao. Wiki yangu yote ikaondoka nao. Sikugeuka.

"Haya, karibuni. Geukeni."

Mitandio ilikuwa vichwani. Bi Somoe akaitaka darubini, akanielekezea mimi, akanitazama weee.

"Huyu hajala," akawaambia wenzake. Tukakatiwa papai.

Tulipokuwa tunakula, ndege mdogo wa kijivu akatua kwenye kigingi. Hashim akauliza jina lake.

"Sijui," nikasema.

Hakuna aliyenicheka. Waliendelea kumtazama tu.

Ijumaa iliyofuata tulikuja wengi zaidi. Tukapiga hodi tangu barabarani, na ndani nikamsikia Bi Somoe, "Jifunikeni, watu wa ndege hao!"

Nilichojifunza: niliogopa sana kukosea jina la ndege, nikaja kumkosea mtu. Bado nina presha, sidanganyi. Ila sasa naanzia kwenye hodi.

Wakuu, nani mwingine alijiandaa kwa kila kitu akasahau lile la kwanza? Tiririkeni. Na anayemjua ndege wa kijivu, kiuno cheupe, anayechezesha mkia juu ya kigingi, aniambie. Hashim bado anauliza.