Programu Huria kwa Akina Mama wa Izigo

Katibu wa kikundi cha akina mama alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, Mlutheri wa Izigo. Yeye na wenzake walijitolea kuwatembelea wazee wasio na watu: kuwafulia, kuwapikia, kuwapeleka zahanati. Mimi nilikuwa nafundisha kompyuta chuoni Bukoba, na alisikia kwamba sitozi.

Nilikuta kompyuta tatu za msaada zimejaa virusi. Programu zake zilikuwa zimenakiliwa bila kibali, na kila zikiwashwa zilidai leseni ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Nikamweleza kuwa ziko programu huria. Zimeandikwa na watu wengi duniani, wengine bila malipo, na yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzigawa.

"Waitu, jamani! Wanajitolea kama sisi?" akauliza. "Basi tuwekee hizo."

Nilikwenda Jumamosi nne kutoka kwangu Nyanga, nikaziweka na kumfundisha. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini aliandika polepole, kwa kidole kimoja, habari zote za wazee: nani haoni, nani hali maharage, nani ana binti Mwanza na namba yake ya simu. Alipomaliza akanionyesha madaftari ya zamani alimozitoa habari hizo, yameliwa na mchwa nusu.

"Haya nayo?"

"Hayana kazi tena, mama," nilimjibu. Akayapeleka jikoni, akayawashia moto.

Baada ya miezi michache wafadhili wakaleta fomu ya ripoti. Ilipofunguliwa kwa programu zetu, safu zilitawanyika na visanduku vya kujazia vikapotea. Nilihangaika nayo siku mbili, sikuiweza. Ripoti ikachelewa. Mwenyekiti, mama mwenye haraka zake, akazipakia kompyuta kwenye gari akazipeleka kwa fundi Kemondo, arudishe programu za zamani. Mimi sikuambiwa. Fundi alifuta kila kitu kwanza, ndipo akaanza kazi.

Nilipofika, mwalimu alikuwa amekaa mbele ya kioo cheupe cha kompyuta, mwenyekiti kando yake.

"Wazee wangu siwaoni," alisema.

"Na ile flashi niliyowaachia ya kutunzia nakala?"

Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitoa kwenye mkoba. Nilipoichomeka, ilikuwa na nyimbo za kwaya tu.

"Tulihitaji nafasi," mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo.

Nilijaribu kila njia niliyoijua ya kurudisha kilichofutwa. Nilipata vipande vya majina, herufi zisizosomeka, basi. Nikamwomba mwalimu tuanze upya, mimi nitaandika, yeye anisomee kutoka kichwani.

"Mwanangu, wengine walionieleza hayo wameshakufa," alinijibu. "Nitamuuliza nani?"

Hakunilaumu. Heri angenilaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema madaftari hayana kazi, na mimi ndiye ambaye sikuuliza mapema ripoti zao zinaandikwa kwa fomu gani.

Masika yale akafa mzee mmoja, yule mwenye binti Mwanza. Akina mama waliulizia namba ya binti sokoni, kanisani, hadi kwa wavuvi. Hakuna aliyekuwa nayo. Wakamzika nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba. Nami nilikuwepo, nimesimama na hijabu yangu iliyolowa mvua, na hapakuwa na mtu wa kupokea rambirambi.