Bingwa Amefunga Choo

Mtaa mzima ulimwita Bingwa, jina alilojipa mwenyewe baada ya kuona wengine wanachelewa kumpa. Kweli alikuwa fundi. Akikaa kwenye cherehani haondoki. Hata maji hanywi, asije akainuka kwenda msalani na mshono ukapinda. Basi tumbo nalo likajifunza kukaa. Choo kikafunga, tumbo likakaza kama ngoma, akashindwa hata kuinamia sindano. Na sare za kwaya zinasubiriwa! Akizichelewesha, zinakwenda kwa fundi wa jirani, yule anayeshona mikono miwili ya kushoto.

Duka la dawa lilikuwa jirani tu. Ila muuzaji ni mke wa mwanawe, na hapo ubingwa ukayeyuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna mteja wangu... kafunga choo."

"Maskini. Anatapika? Ana homa? Anatoa damu?"

"Wapi! Linakaza tu hapa," akajishika kitovu.

Binti akainamia droo, akatafuta kitu ambacho hakikupotea. Alipoinuka alikuwa na pakiti za unga.

"Huu koroga kwenye maji, baba. Mwilini hauingii, unabaki utumboni na kuyavutia maji humo humo. Umeona kabichi ukiinyunyizia chumvi inavyotoa maji? Ndiyo hivyo. Choo kinalainika, kinaongezeka, utumbo unakisukuma wenyewe. Sasa mtu asipokunywa maji, unga utavuta nini?"

"Analipuka lini?"

"Halipuki! Siku moja, mbili, pengine tatu. Asizidishe kwa pupa. Maumivu yakizidi, aende hospitali. Tena ainuke kwenye kiti, atembee."

"Nani kakwambia anakaa?"

"Nimebahatisha tu, baba."

Akanywa pakiti moja, kutwa nzima tumbo halikusogea. Jioni mkono ukaanza kuzinyemelea pakiti, aongeze mbili amalize ubishi. Mkewe akamsogezea jagi. "Kunywa, halafu kazunguke nyumba. Wewe si Bingwa?" Akanywa, akazunguka, akinung'unika.

Kesho yake, mkasi ukiwa katikati ya kitambaa, tumbo likanguruma. Alitoka mbio na futi ya kupimia shingoni, akakaa msalani kitambo, akarudi mwepesi kama pamba. Hakupitia kwenye cherehani. Alinyoosha moja kwa moja hadi duka la dawa, akasimama nyuma ya foleni, akapaza sauti:

"Mwanangu, nimeenda!"

Foleni nzima ikageuka. Binti akafunika uso, mabega yakitikisika kwa kicheko. Bingwa alikuwa ameshatoka; ana sare za kushona.