Dobi wa Zamu ya Usiku

Dada yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi kwa jinsi nguo zake zilivyonyooka, alifua mashuka ya hospitali zamu ya usiku tangu ujana hadi alipostaafu. Mchana alipaswa kulala. Alale saa ngapi? Watoto walikuwa wake, sufuria zake, na mumewe alikuwa mtu wa kuuliza soksi ziko wapi hali amezivaa. Tukimwambia apumzike, alijibu kwamba usingizi haujazi sufuria, nasi tulicheka.

Kukunja mashuka kulitaka watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine kule, mnalivuta mpaka linyooke, halafu mmoja anamwendea mwenzake na kumkabidhi pembe zake. Nilipoajiriwa pale, yeye ndiye aliyenifundisha, akinichapa vidole kila pembe zilipopishana.

Sasa usingizi umemsusa. Anazunguka vyumbani akivua vitanda mashuka, hata kama mtu amelala juu yake, anataka yakunjwe. Majina yalianza kumtoka, kwanza ya majirani, kisha ya wajukuu. Siku niliyomkuta shemeji akilia jikoni, sikuweza kumtania tena.

Tulimpeleka kwa daktari, kijana mpole. Alitueleza kwamba ubongo una maji yake. Mtu akilala usingizi mzito, maji hayo hupenya zaidi kati ya seli na kusomba taka za siku nzima. Akiwa macho, hayapiti vizuri.

“Kwa hiyo ni zile zamu?” nikamuuliza kwa ukali, kama kwamba yeye ndiye aliyezipanga.

“Siwezi kusema hivyo, mama. Bado wanachunguza. Wapo waliokesha miaka na wako salama.”

“Basi mpe dawa alale, hizo taka zitoke.”

“Za kumtuliza zipo. Za kurudisha kilichokwenda, hatuna.”

Nilitafuta mtu wa kugombana naye, sikumpata. Njiani shemeji akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia anyamaze, maana nilijua ni kweli.

Jana mchana nilimkuta dada amesimama sebuleni, shuka mikononi, akisubiri mtu. Nikashika pembe zangu. Tukavuta, likanyooka. Nikamwendea nikamkabidhi, na pembe zikakutana sawasawa. Akanitazama kwa ile heshima anayopewa mgeni.

“Unakunja vizuri, mama. Nani kakufundisha?”

“Ni wewe, dada.”

Akacheka taratibu, asije akaniaibisha. “Hapana. Mimi nilimfundisha mdogo wangu tu. Ukimwona huko nje, mwambie zamu inaanza, asichelewe.”

“Nitamwambia,” nikasema, nikachukua shuka jingine.