Jiwe la Kumwita Mama

Uvumilivu wangu uliishia kwenye geti la kilimani, pale soja anayelilinda alipotaka Nafula wangu, mtoto wa miaka sita, afunge mdomo. "Mathe, nyamazisha huyo. Wageni wa loji wanapumzika." Mtoto alikuwa ameita mara moja tu. Nilichomwambia huyo soja sitakiandika hapa.

Enzi zetu kilima hicho hakikuwa na geti. Sisi ni watu wa mtaa wa Kaptembwo, mjini, lakini shule zikifungwa, siku ya soko mama alitupeleka Subukia, mimi na dada yangu, akanunue ndizi za kuuza mtaani. Tulitembea sokoni tukishangaa kama watalii: kuku waliofungwa miguu, mitumba imemwagwa chini, fundi wa viatu akiimba vibaya na hajali. Tukichoka kukanyagwa, mama alitununulia mahindi ya kuchoma, moto hadi unayarusha mkono huu na huu. "Haya, pandeni kilimani. Mkifika juu mniite. Nisiposikia, najua mko kwa mapera ya watu."

Njia yenyewe haikuwa ngumu, hata shosho wazee waliipanda na ndala. Ilipita kando ya kahawa, inanuka udongo wa mvua na mavi ya ng'ombe, mpaka kwenye jiwe kubwa linalotazama soko. Hapo mtoto alimwita mama yake kwa jina. Jina lenyewe! Nyumbani ungetaja hilo jina ungelala umechapwa, lakini juu ya lile jiwe ilikuwa ruhusa. "Rodaaa!" Na kule chini, katikati ya vichwa vyote, leso moja ya manjano ilipepea. Hiyo ilikuwa ya mama yangu.

Vijana wa siku hizi wakifika juu ya kilima wanajipiga picha, kisha wanauliza kama mtandao unashika.

Mimi nafua nguo za watu wiki nzima, mgongo umekwisha. Siku yangu moja ya kupumzika nikampeleka Nafula, na mama naye akasema lazima aje. Magoti yake hayapandi tena, kwa hivyo alikaa sokoni, leso mkononi. Nafula alifanya mazoezi ya lile jina la shosho yake njia nzima, akicheka. Kisha geti la loji, limefungwa. Akaita hapo hapo, na miti ikameza sauti.

Tuliposhuka, mama alikuwa bado anatazama juu. "Mbona hamkuniita?"

Kwa hivyo sikurudi nyumbani. Nilienda kwa chifu, nikaomba karatasi, nikaandika hivi:

"Nalalamika. Loji imefunga njia ya kwenda kwenye jiwe, ambayo watu wote waliipita tangu nikiwa mtoto. Naomba ifunguliwe upesi. Mama yangu alingoja kuitwa na mjukuu wake, na hakusikia chochote. Hatangoja miaka mingi."